Kasha Linalofunguliwa kwa Bisibisi: Kompyuta ya Mezani na Maisha ya Nyalikungu

Nyalikungu ni makao makuu ya Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, kwenye barabara ya lami inayotoka Mwigumbi, inapita Maswa na Bariadi, kisha inaikuta barabara ya Mwanza na Musoma pale Lamadi. Mji unaishi kwa ofisi za serikali, pamba, mifugo na maduka. Karatasi za wilaya nzima hukusanyika hapa. Mtu anayetoka kijijini na bahasha ya vyeti mkononi, akitafuta mkopo wa elimu ya juu, leseni ya biashara au nafasi ya ajira, mwisho wa safari yake ni kiti cha plastiki ndani ya steshenari, pembeni ya kijana anayechapa. Na kifaa anachochapia kijana yule, mara nyingi, ni kompyuta ya mezani: sipiyu chini ya meza, monita juu, kibodi ambayo herufi zake zimeanza kufutika, mausi, printa, na sakafuni yupiesi inayolia kila umeme ukikatika.

Kifaa hiki kimetangaziwa kifo mara nyingi. Kompyuta mpakato zilipoanza kushuka bei tuliambiwa siku zake zimekwisha. Simu janja zilipoingia tukaambiwa hivyohivyo, na baadaye vishikwambi. Bado kipo. Maelezo ya haraka ni kwamba watu hawana uwezo, kwa hiyo wanang'ang'ania vya zamani. Yana ukweli, lakini hayatoshi, maana mpakato za mtumba nazo zinauzwa, tena kwa wingi. Kinachoifanya sipiyu idumu ni namna ilivyoundwa. Ni kasha linalofunguliwa kwa bisibisi moja, na karibu kila kilichomo ndani kinaweza kutolewa, kupimwa na kubadilishwa na fundi wa mji huohuo. Kwa mahali kama Nyalikungu, hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kompyuta, kabla ya kasi na kabla ya ukubwa wa kumbukumbu. Nayo ndiyo inayoondolewa taratibu na watengenezaji, huku wanunuzi wetu wakitazama bei na rangi ya kasha.

Umbo hili lilitokana na haraka. Mwaka 1980 kampuni ya IBM ya Marekani, iliyozoea kuuza mitambo mikubwa ya kujaza chumba, ilitaka kompyuta ndogo sokoni ndani ya takriban mwaka mmoja. Kazi ilipewa kikundi kidogo mjini Boca Raton, Florida, ambacho Don Estridge alikuja kukiongoza. Wasingeweza kubuni kila kitu wenyewe kwa muda huo, wakanunua kwa wengine: prosesa kutoka Intel, viendeshi vya diski laini kutoka Tandon, printa kutoka Epson, programu endeshi kutoka Microsoft. Tarehe 12 Agosti 1981 wakatoa IBM 5150. Prosesa yake, Intel 8088, ilikwenda kwa megahezi 4.77, bei ya chini kabisa ilikuwa dola 1,565, bila monita wala kiendeshi cha diski. Ndani ya kasha kulikuwa na nafasi tano za kuchomeka kadi za ziada, na mtu yeyote aliruhusiwa kutengeneza kadi hizo. IBM ilichapisha hata kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi na maandishi ya programu ya kuwashia mashine.

Kitabu hicho kilizaa matokeo ambayo IBM haikuyataka. Kampuni ya Compaq ilitangaza mwishoni mwa 1982 mashine iliyoweza kuendesha programu zilezile za IBM, baada ya wahandisi wake kuandika upya programu ya kuwashia bila kunakili ya wenyewe. Wengine wakafuata, Marekani na kisha Taiwan na kwingineko Asia. Kufikia miaka ya 1990 kompyuta ya mezani haikuwa tena mali ya kampuni moja. Ilikuwa mkataba wa vipimo: matundu ya skrubu yakae wapi, waya zipi zibebe volti ngapi, kadi iwe na upana gani. Intel ilipotangaza vipimo vya ATX mwaka 1995, mkataba huo ulikamilika kwa namna ambayo bado tunaitumia. Mazabodi ya ATX ina milimita 305 kwa 244, na matundu yake ya skrubu hayategemei imetengenezwa kiwanda gani. Pawa saplai ya kiwanda kimoja inaingia kwenye kasha la kiwanda kingine na kulisha mazabodi ya kiwanda cha tatu.

Upo upande wa pili wa hadithi hiyo, na ni vizuri kuukumbuka kwa sababu leo ndio unaoelekea kushinda. Apple, ambayo kompyuta yake ya Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa na mfuniko wa kunyanyua kwa mikono na nafasi nane za kadi, mwaka 1984 ilitoa Macintosh iliyofungwa kwa skrubu za Torx zilizozama ndani ya plastiki, zinazohitaji bisibisi ndefu ambayo mtu wa kawaida hakuwa nayo. Waliobuni Macintosh walitaka mtumiaji asiwe na sababu ya kufungua. Ni nia njema kwa mtu anayeishi karibu na kituo cha huduma. Mahali ambapo kituo hicho kiko mamia ya kilomita mbali, kasha lisilofunguka likiharibika linabaki pambo.

Tanzania iliingia katika hadithi hii ikiwa imechelewa, kwa uamuzi wake yenyewe. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mitambo iliyofuata ya kuendesha hesabu za serikali ilileta gharama na matatizo makubwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Marufuku ililegezwa kidogokidogo kwa vibali maalumu na kuondolewa kabisa miaka ya mwanzo ya 1990. Maana yake ni kwamba muongo mzima ambao dunia ilijifunza kompyuta ya mezani, kuanzia 1981, kwetu ulipita huku kifaa chenyewe kikiwa cha kuombewa ruhusa. Mlango ulipofunguliwa, kilichoingia kwa wingi hakikuwa kipya. Zilikuja mashine zilizokwisha kutumika Ulaya, Marekani na Ghuba, zikashukia Kariakoo, zikapanda magari hadi Mwanza na Shinyanga, na kutoka huko zikafika Maswa. Jirani yetu Uganda, kwa upande wake, ilitangaza katika bajeti ya mwaka 2009 kuzuia uingizaji wa vifaa vya umeme vilivyotumika, kompyuta zikiwemo, kwa hofu ya kugeuzwa jalala. Hofu hiyo ina msingi, nitairudia.

Sasa tuingie ndani ya kasha, tuanze na pawa saplai, kwa sababu hapo ndipo kompyuta nyingi za mkoa huu hufia.

Umeme wa TANESCO umekusudiwa kuwa wa volti 230. Pawa saplai huugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 za umeme usiobadilika mwelekeo, ambazo ndizo mazabodi na diski hutumia. Mwisho wa njia ndefu ya nguzo, mbali na kituo cha kupozea, volti huanguka jioni watu wanapowasha kila kitu, na huruka umeme unaporudi baada ya kukatika. Watu husema umeme mdogo, au umeme umekuja na nguvu, na maneno yote mawili yanaeleza jambo linalopimika. Pawa saplai nzuri ya ATX inatakiwa kuvumilia pengo la umeme la takriban milisekunde 16 kwa akiba iliyomo kwenye kapasita zake. Mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20. Kwa hiyo hata kupepesa kwa taa kusikozidi mzunguko mmoja kunaweza kutosha kuzima mashine isiyo na yupiesi, na barua ya mteja iliyokuwa haijahifadhiwa ikapotea.

Kuna swichi ndogo nyekundu ambayo imeua mashine nyingi. Pawa saplai za zamani zina swichi nyuma, upande mmoja 115, upande mwingine 230. Kompyuta iliyotoka Marekani hufika ikiwa kwenye 115. Ikichomekwa hivyo kwenye soketi ya hapa, saketi inayozidisha volti mara mbili kwa ajili ya umeme wa Kimarekani inapandisha volti za ndani hadi karibu 650, wakati kapasita zake zimetengenezwa kwa volti 200 kila moja. Unasikia mlipuko, unaona moshi, na mwenye duka anaamini ameuziwa mashine mbovu. Pawa saplai za miaka ya karibuni hukubali kuanzia volti 100 hadi 240 zenyewe, bila swichi. Kwa mnunuzi wa mtumba, kutazama nyuma ya kasha kama ipo swichi hiyo na imekaa wapi ni kazi ya sekunde chache, na ifanyike kabla ya kuchomeka chochote.

Lakini tazama kinachofuata baada ya mlipuko huo. Skrubu nne nyuma ya kasha, plagi moja kubwa ya pini 24 kwenye mazabodi, moja ndogo ya prosesa, moja ya diski. Fundi anatoa pawa saplai iliyoungua, anaweka nyingine aliyoitoa kwenye mashine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine, na mara nyingi kompyuta inawaka siku hiyohiyo. Jirani yake anayetengeneza baiskeli za Phoenix hufanya jambo lilelile na mnyororo na peda. Kwenye kompyuta mpakato hitilafu kama hiyo ya mfumo wa umeme mara nyingi iko kwenye mazabodi yenyewe, kwenye vipande vidogo kuliko punje ya mtama, na inahitaji mashine ya hewa moto, darubini na mkono uliozoea. Mafundi wa namna hiyo wapo nchini, tena hodari, lakini kuwafikia ni nauli, siku kadhaa na kukiacha kifaa.

Uharibifu wa aina nyingine ulikuja na mashine zenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 viwanda vingi vilitumia kapasita zenye kimiminika kibovu, ambazo baada ya miaka michache zilivimba vichwa na kuvuja. Dell peke yake ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya kurekebisha na kubadilisha kompyuta za ofisini zilizokumbwa. Nyingi za kizazi hicho ndizo zilizoingia katika biashara ya mtumba. Fundi anayefungua kasha na kuona kopo dogo la bati limebinuka juu anajua ugonjwa kwa macho, bila kipimo. Ni hitilafu ya kiwandani, na kwa kuwa kasha linafunguka, ilitibika hapa kwa moto wa kulehemu na kapasita ya shilingi chache.

Baada ya umeme, vumbi. Maswa ina kiangazi kirefu, na upepo wa Julai hadi Septemba huingiza kila mahali udongo laini wa mbuga na barabara. Kompyuta ya mezani hupumua: feni huvuta hewa mbele na kuisukuma nyuma, na juu ya prosesa hukaa bati la kupozea lenye feni yake. Vumbi likijaa kati ya mapezi ya bati, joto halitoki. Prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue, na mwenye duka analalamika kwamba mashine imekuwa nzito au ina virusi. Dawa ni kufungua ubavu, kupuliza kwa blowa, kufuta na kupaka upya dawa ya kupitisha joto. Kasha kubwa lina nafasi ya hewa na brashi inaingia. Ukubwa huo ambao wengi huuona ushamba ndio unaoiokoa mashine katika hali ya hewa ya hapa.

Vipo vitu vingine vidogo ndani ya kasha vinavyoonyesha akili ya wabunifu wake. Kadi za ramu za DDR2, DDR3 na DDR4 zina mkato kila moja mahali pake, kwa hiyo ya kizazi kingine haiingii hata ukilazimisha. Zikipata kutu ya unyevu na vumbi, fundi huzichomoa na kusugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, na kompyuta iliyokuwa inapiga mlio bila kuonyesha picha inaamka. Betri ya mazabodi, ile ya duara ya CR2032, ina volti 3, upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, na inapatikana kwenye maduka ya saa. Ikiisha, kompyuta husahau tarehe. Hilo lilikuwa jambo dogo zamani. Sasa ni kubwa, kwa sababu tovuti salama hukataa kufunguka kwenye mashine inayodai kuwa iko mwaka 2009. Mwanafunzi anayekimbizana na siku ya mwisho ya maombi ya mkopo anaweza kuambiwa mtandao uko chini wakati kinachokosekana ni betri moja.

Na nyuma ya kasha kuna rangi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Microsoft na Intel walikubaliana na watengenezaji kuhusu mwongozo uliojulikana kama PC 99: kibodi zambarau, mausi kijani, monita buluu, spika kijani kibichi, maikrofoni waridi. Kabla ya hapo tundu la kibodi na la mausi yalifanana, na kukosea kulikuwa kawaida. Mtu asiyejua Kiingereza hata neno moja aliweza sasa kuhamisha kompyuta kutoka chumba kimoja kwenda kingine na kuichomeka sawasawa. USB ilipoenea, rangi hizo zilipungua umuhimu, lakini mashine nyingi zilizopo mjini bado zinazo. Naona huo ni mfano bora wa ubunifu unaomheshimu mtumiaji asiyesoma mwongozo.

Kuhusu monita sina mengi. Za chogo zimekwisha karibu zote, na ni heri: zilikula umeme mwingi na kioo chake kina madini ya risasi. Monita bapa ya inchi 17 au 19 hutumia wati 20 hadi 35 na hudumu miaka mingi.

Kibodi inahitaji neno zaidi, kwa sababu biashara nzima ya steshenari inasimama juu yake. Mpangilio wa vitufe 101 au 102, wenye tarakimu upande wa kulia, uliwekwa na IBM katikati ya miaka ya 1980 na haujabadilika sana. Anayechapa risiti, orodha za wanafunzi au mihutasari ya vikao kutwa nzima anahitaji vitufe vyenye kina na nafasi ya mikono. Simu haimpi, kishikwambi hakimpi. Na kibodi ikimwagikiwa chai inabadilishwa yenyewe, bila kugusa kompyuta. Kwenye mpakato chai hiyohiyo inashuka moja kwa moja kwenye mazabodi.

Hadi hapa nimeisifu. Sasa pingamizi, na lililo zito kuliko yote ni umeme wenyewe.

Mashine ya mezani ya Core 2 Duo pamoja na monita bapa hula takriban wati 100 ikiwa kazini. Saa kumi kwa siku ni uniti moja. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ambayo ni takriban 356 zikijumlishwa, siku 26 za kazi zinagharimu shilingi elfu tisa na kitu za LUKU. Kompyuta mpakato ingetumia theluthi ya hiyo. Mashine ya Pentium 4 yenye monita ya chogo ingetumia karibu mara mbili, na ndiyo maana nasema wazi kwamba Pentium 4 haifai tena kununuliwa hata kwa bei ya bure. Zaidi ya bili, mpakato ina betri: umeme ukikatika saa tatu asubuhi, kazi inaendelea hadi mchana. Sipiyu yenye yupiesi ya kawaida inapata dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Katika miezi ya mgao, kama ule wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, tofauti hiyo ilikuwa kati ya kufungua duka na kulifunga.

Pingamizi hili ni la kweli. Kwa ofisa anayetembea vijijini, mpakato ndiyo jibu, na kwa kukusanya takwimu nyumba kwa nyumba kishikwambi kilionyesha uwezo wake katika Sensa ya Agosti 2022. Lakini kwa kazi inayokaa mahali pamoja, hesabu ibebe pia miaka. Betri ya mpakato huchoka baada ya miaka michache, na bila betri faida yake kubwa imeondoka. Sipiyu iliyotengenezwa 2010, ikiwekewa diski isiyozunguka ya SATA badala ya ile ya zamani ya mizunguko 7,200 kwa dakika, na ramu ikiongezwa, inachapa, inachapisha na kufungua mifumo ya serikali bila shida. Naamini duka la steshenari linapata faida zaidi kwa mashine mbili za mezani zenye vipuri kuliko mpakato moja mpya.

Pingamizi la pili ni geni zaidi na linanitia wasiwasi zaidi: kasha linafunguka, lakini programu inafungwa. Windows XP ya mwaka 2001 iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Iliyobaki, Windows 11, inadai kipande cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Kompyuta iliyo nzima kabisa, yenye pawa saplai imara na diski mpya, imehesabiwa kuwa imezeeka kwa sababu ya tarehe. Nyingi zitaendelea kutumika hivyohivyo bila kinga, zikipokea flashi za kila mteja anayekuja kuchapisha, na zikibeba namba za NIDA, vyeti na taarifa za benki za watu. Huo ni mzigo ambao mwenye duka hakuuomba.

Njia ipo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili zilizo huru kunakiliwa. Kazi ile haikupata wafuasi wa kutosha, na ninaihuzunikia, kwa sababu tatizo iliyolilenga ndilo tulilonalo leo. Linux ya sasa inakubali kwa raha mashine ambazo Windows 11 inazikataa, na kwa kuwa mifumo mingi ya umma inafunguliwa kwenye kivinjari, kuanzia Selform ya TAMISEMI na TAUSI hadi zabuni za NeST, sababu ya kuogopa kuhama imepungua. Kilichobaki kigumu ni programu za kuendeshea printa na mazoea ya wachapaji, na vyote viwili vinatatulika.

Nije kwenye mtego ninaoutaja kwa kila anayeniuliza. Si kila kompyuta ya mezani ni ya mezani kwa maana niliyoieleza. Mashine ndogo nyembamba za ofisini za Dell, HP na Lenovo, ambazo ndizo zilizojaa kwenye biashara ya mtumba kwa sababu makampuni ya Ulaya huzitoa kwa mamia, nyingi zina pawa saplai ya umbo lao wenyewe. Vizazi vingi vya kuanzia katikati ya miaka ya 2010 vinatumia plagi zenye pini chache badala ya zile 24 za mkataba wa ATX. Ikiungua, ile ya kawaida haiingii, wala kwa umbo wala kwa waya. Fundi atatafuta mashine iliyokufa ya toleo hilohilo, au ataagiza Dar es Salaam na kusubiri. Zile zinazounganisha monita na kompyuta katika kitu kimoja ni mbaya zaidi: zinapendeza kwenye meza ya ofisa, lakini kioo kikipasuka umepoteza vyote viwili. Kwa nje zote zinaitwa kompyuta za mezani, na kwenye orodha ya manunuzi zinaandikwa hivyo.

Shule zinahusika hapa kuliko ofisi. Kenya ilipoanza mwaka 2016 kugawa vifaa vya kidijiti kwa shule za msingi ilichagua vishikwambi. Kwetu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa vilikabidhiwa walimu. Vina kazi yake. Ila kijana anayesoma somo la kompyuta sekondari anaulizwa mazabodi ni nini, ramu inakaa wapi, feni ya nini, na kifaa pekee kinachoweza kumwonyesha ni sipiyu iliyofunguliwa ubavu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukipeleka kompyuta kwenye shule za umma. Hata ile iliyokufa isitupwe stoo. Iwe ya kufungulia. Mafundi wengi wa mtaani walijifunza hivyo, kwa kufungua kilichokufa na kujaribu, na hakuna sababu kwa nini maarifa hayo yawe ya mtaani peke yake.

Hapo ndipo ile hofu ya jalala inapopata jibu lake la kweli. Mashine inayofunguka hufa kidogokidogo: pawa saplai yake inahamia kwingine, ramu inaokoa nyingine, kasha linabaki. Hatimaye kinabaki kitu kisichofaa tena, chenye risasi na madini mengine yasiyostahili kuchomwa kwenye shimo la taka, na halmashauri zetu bado zinahitaji mahali rasmi pa kukikusanyia kabla ya kusafirishwa. Lakini ni mabaki ya miaka kumi na tano, si ya minne.

Kwa anayeandika maelezo ya manunuzi ya shule au ofisi wilayani, haya yanatosha kwenye karatasi moja: kasha la kawaida lenye pawa saplai ya ATX ya pini 24 inayokubali volti 100 hadi 240, ramu ya kuchomeka, angalau nafasi mbili, diski isiyozunguka ya SATA au M.2 isiyolehemiwa, prosesa inayokubaliwa na programu endeshi itakayokuwa hai kwa miaka mitano ijayo, au tamko kwamba mashine itaendeshwa kwa Linux, monita na kibodi zinazojitegemea, yupiesi kwa kila mashine. Na kwa kila mashine kumi, pawa saplai mbili za akiba, betri kumi za CR2032, kibodi mbili na blowa moja. Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini makadirio huandaliwa miezi kadhaa kabla yake, na maelezo haya yanapaswa kuwa yameingia humo kabla zabuni haijapandishwa kwenye NeST.